Damu ya Shemeji

Mtu akikwambia sungura wote ni sawa, jua hajawahi kufuga hata mmoja. Mama Masikio angeweza kukaa nawe kutwa nzima akikueleza tofauti zao: yupo anayeuma kabla hujafungua kizimba, yupo anayejikunyata pembeni kama mgeni asiyealikwa, yupo ambaye mshipa wa sikio lake umejificha, na yupo ambaye mshipa umekaa wazi unakungoja. Jina hilo la Masikio alipewa na wenzake kazini, wala halikuhusu masikio yake mwenyewe, ambayo yalikuwa madogo tu ya kawaida. Kazi yake yote ilikuwa kwenye masikio ya sungura, basi.

Alikuwa mtunza wanyama wa maabara. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, baada ya stoo na tangi la maji, mahali ambapo wenye makoti meupe hawafiki bila sababu kwa ajili ya harufu. Kazi yenyewe ukiieleza harakaharaka inatisha. Wapo bakteria wanaotoa sumu. Sumu hiyo huchukuliwa, ikalemazwa kwa dawa mpaka isiweze kuua, kisha sungura akadungwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Mwili wa sungura unaijua sumu ile, unaikariri, na unajitengenezea kingamwili za kuishika na kuifunga mikono kila inapotokea. Siku ikifika, Mama Masikio alimfunika mnyama macho kwa taulo, akamsemesha, akalisugua sikio mpaka likapata joto, akachukua damu kwa sindano nyembamba. Damu huachwa igande. Maji ya manjano yanayobaki juu ndiyo seramu, na hayo ndiyo mali inayotafutwa. Sungura mwenyewe anarudi kizimbani kula majani yake kama hakuna lililotokea.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja: wanyama hawapewi majina, wana namba. Mama Masikio hakuivunja. Aliyeivunja ni mumewe, na yeye hata mlangoni pa maabara hakuwahi kufika.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe akiwemo. Alikuwa mtu wa maneno. Mteja aliyekuja kupunguza suruali aliondoka na habari za watu watatu. Sasa kila jioni mezani mkewe alikuwa akimsifia sungura mmoja jike, mkubwa, wa kijivu, mtulivu, ambaye seramu yake ilikuwa kali kuliko za wenzake wote. Siku moja Fundi akaweka kijiko chini.

"Huyu unayemsifu kila siku ni nani kwako? Dada yako?"

"Ni sungura, Fundi. Kula."

"Mimi naona ni dada yako. Basi ni shemeji yangu, na nina haki ya kumtania."

Tangu hapo ikawa kila akirudi anaulizwa, "Shemeji hajambo?" Shemeji mbona haji kutusalimu. Shemeji apewe koti, nitamkatia mwenyewe, nguo ya kijivu kila siku haipendezi. Mama Masikio alikuwa akimwambia anyamaze, lakini alipokuwa peke yake chumbani na wanyama wake alijikuta akisema, "Shemeji, Fundi anakusalimu." Watu wawili waliokaa pamoja miaka mingi huambukizana upuuzi, na huo nauita mapenzi.

Seramu ya Shemeji ilikuwa ya kupambana na sumu ya bakteria mmoja anayekaa kwenye udongo. Huyo akiingia kidondani huozesha nyama upesi na kumimina sumu mwilini. Hospitali zikishuku kuwa yupo, ziliiletea maabara sampuli. Sumu iliyomo kwenye sampuli ikizimwa na seramu ya Shemeji, mwenye kosa amejulikana. Ndivyo walivyokuwa wakifanya, na walikuwa hawajawahi kuona ubaya wake.

Ajali haina kinga. Fundi alikuwa akinyoosha suti ya bwana harusi, pasi ya mkaa ikamponyoka, ikaanguka kwa ncha yake juu ya mguu. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Yeye alifunga kitambaa, akavaa soksi juu, akamwambia mkewe amejikwaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunaisema methali hiyo kila siku na kila siku tunaficha. Mama Masikio alipoivuta ile soksi kwa nguvu, mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye goti, unang'aa.

Wakamlaza wodini. Wakamchoma sindano nzito za kuua bakteria, na kusema kweli zilifanya kazi. Uvimbe ukashuka. Ngozi mpya, ya waridi, ikaanza kutambaa pembeni mwa kidonda. Fundi akaanza kumpima kwa macho muuguzi wa zamu na kumwambia sare yake imekatwa vibaya mabegani. Mama Masikio akalala usingizi wa kwanza tangu ile soksi.

Halafu tumbo likaanza.

"Mguu umepona," Fundi alisema, "umeuachia utumbo kazi." Alikuwa bado anatania. Lakini alikuwa akienda chooni mpaka akaacha kurudi kitandani, anakaa tu kwenye kiti karibu na mlango wa choo, homa imempanda, midomo imekauka. Daktari wa wodi, dada mmoja kijana asiye na maneno mengi, akachukua choo chake na kukipeleka maabara kwa akina Mama Masikio.

Mkuu wa maabara alikipokea mwenyewe. Alikuwa mwanamume mpole, mrefu, aliyeinama kidogo kwa kukaa sana kwenye darubini.

"Mkuu," Mama Masikio alimwambia, "hiyo sampuli ni ya mume wangu."

"Pole sana, Mama. Tutaiangalia vizuri."

Na aliiangalia vizuri. Alikichuja choo mpaka yakabaki maji matupu yasiyo na mdudu hata mmoja, akayadondosha kwenye kisahani chenye vishimo, ambamo chini yake zimeoteshwa seli hai. Baada ya kusubiri, akamwita Mama Masikio aje kuona. Kwenye kishimo cha kwanza seli zilikuwa zimejikunja, zimekuwa viduara vilivyotengana, zinakufa. Kwenye kishimo cha pili maji yaleyale yalikuwa yametiwa pia tone la seramu ya Shemeji. Humo seli zilikuwa zimelala zimejinyoosha, zimeshikana mikono, salama salimini.

"Unaona?" Mkuu alisema. "Seramu imeitambua. Ni sumu ya yule wa kidondani. Ametoka mguuni, amefika tumboni."

Mama Masikio hakuona aibu kulia mbele ya mkubwa wake. Ilikuwa furaha. Alikuwa amebeba mabakuli ya maji na kukwangua vinyesi miaka yote ile pasipo mtu kumwambia kazi yake inamfikia nani, na sasa imemfikia mtu wake mwenyewe. Mkuu akapiga simu wodini. Mama Masikio hakusubiri, alikwenda na miguu yake, akafika anahema.

"Ni Shemeji aliyejua," alimwambia mumewe. "Damu yake ndiyo iliyomkamata mdudu."

Fundi akacheka mpaka akashika tumbo. "Nilijua hatanitupa. Damu nzito kuliko maji!" Akawaambia wagonjwa wa kushoto na wa kulia. Akamwambia mfagiaji. Jioni alipokuja dada yake, yaani wifi wa Mama Masikio, mwanamke mkali ambaye hakuwahi kuielewa kazi ya kufuga sungura wasioliwa, Fundi alimsimulia yote tangu mwanzo. Wifi alimgeukia Mama Masikio.

"Kumbe wana maana," alisema. Kwa wifi yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sasa fuata hesabu yao, uone kama wewe ungefanya tofauti. Mtu ana kidonda. Seramu ya mdudu wa kidonda imekubali. Maana yake mdudu bado yumo kidondani, anamimina sumu. Basi madaktari wakakifungua tena kile kidonda kilichokuwa kinafunga, wakakata nyama waliyohofia imeoza, na wakaongeza sindano, kali zaidi, za kuua bakteria wa kila aina. Ngozi ile ya waridi ikaondoka na pamba. Mimi nimeitafuta hapo sehemu ya kumkasirikia mtu, sijaiona.

Fundi akazidi kuharisha. Akakonda usoni mpaka meno yakaonekana makubwa. Utani ukapungua, ukawa sentensi, ukawa neno. Mama Masikio alikuwa akimwambia, "Vumilia, dawa ndiyo inapigana naye," na aliamini alichokisema. Kisha asubuhi moja alimkuta ametulia, hajaenda chooni tangu usiku. Alimpigia simu wifi yake kumpa habari njema. Wifi akapiga vigelegele kwenye simu. Wote wawili hawakujua kwamba utumbo ulikuwa umechoka mpaka umeacha kusukuma, na kwamba tumbo lililokuwa linapanda taratibu chini ya shuka lilikuwa limejaa.

Siku hiyohiyo Mkuu alimwita Mama Masikio ofisini, akafunga mlango. Alikuwa hajakaa.

"Mama, nimekosea," alisema. "Nimeshampigia daktari wake. Nataka na wewe uyasikie kwangu."

Alikuwa amejaribu kumwotesha yule mdudu wa udongo kutoka kwenye nyama ya kidondani, ili awe na ushahidi kamili. Hakikuota kitu. Akarudia, hakikuota kitu. Ndipo akaotesha kile choo ndani ya mtungi usio na hewa, na humo akaota mwingine kabisa, mwenye harufu ya zizi la farasi. Huyu ni mkazi wa utumbo. Akiwa na wenzake wengi tumboni hana nguvu, wanambana. Lakini dawa za kuua bakteria zikishawafagia wenzake wote, anabaki na nyumba nzima peke yake, na hapo ndipo anapotoa sumu.

Mama Masikio hakuelewa. "Lakini seramu ilikubali. Niliona kwa macho yangu."

"Ilikubali kweli. Sumu zao zinafanana mno, Mama. Hawa ni kama ndugu. Mfikirie mzee wako na cherehani yake, akikata mashati mawili kwa kielelezo kimoja. Moja la buluu, moja jekundu, la mteja huyu na la mteja yule. Sasa umpe mtu asiyeona alishike bega tu. Atakwambia ni shati lilelile. Kingamwili zinashika bega. Sungura hakusema uongo, ameshika alichofundishwa kushika. Mimi ndiye niliyepaswa kujua kwamba mashati yako mawili."

"Na zile sindano?"

Mkuu alivua miwani. "Zile sindano ndizo zilizomfagilia nyumba."

Mama Masikio alikaa chini bila kuambiwa. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa hasira, kilikuwa tumaini, na tumaini la namna ile ni baya kuliko hasira. Kama seramu ya Shemeji inazizima sumu zote mbili, kuna haja gani ya kujua shati ni la nani? Sumu ni sumu. Alisimama.

"Basi mpeni seramu. Ipo. Friji limejaa. Kama inamzima ndugu huyu na ndugu yule, mpeni leo."

"Mama."

"Uliniita nione zile seli. Zilikuwa hai!"

"Zilikuwa kwenye kisahani. Kisahani hakina moyo wala figo. Damu ya sungura ikiingia kwenye mishipa ya mtu, mwili wake unaweza kuishambulia akazimika palepale. Na hii yetu haijasafishwa kwa ajili ya mtu, haijapimwa kwa mtu. Hakuna daktari atakayeichoma, na akitokea wa kuichoma, mimi nitamzuia. Wameshaacha zile sindano. Wanampa dawa ya huyu wa tumboni sasa hivi, kwa mpira wa puani."

"Atapona?"

Mkuu alisema wamechelewa kidogo. Neno lile kidogo alilisema kwa sauti ya chini sana.

Mama Masikio alirudi chumbani kwake nyuma. Ufunguo wa friji ulikuwa kwake, kamba yake shingoni. Akafungua, akatoa kichupa kimoja cha maji ya manjano. Hakukuwa na mtu wa kumzuia. Wodini walikwisha kumzoea, angeingia na mkoba wake kama kila siku, na mkono wake katika kupata mshipa hauna mashaka. Alisimama nacho mpaka kikapata joto la kiganja. Lakini alikuwa amewahi kuona. Zamani, kwa makosa, sungura mmoja alichomwa kwa mara ya pili damu ya mnyama mwingine, na hakumaliza hata kupiga teke. Alilegea mikononi mwake sindano ikiwa bado haijatoka. Mtu asiyejua lolote angejaribu. Yeye alijua kiasi cha kumtia woga, hakujua kiasi cha kumsaidia. Akakirudisha kichupa mahali pake, akafunga friji, akapiga kichwa kwenye mlango wa friji mpaka sungura wakaruka vizimbani.

Alipofika wodini, Fundi alikuwa amewekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Tumbo lilikuwa gumu, limenyanyua shuka. Daktari wa wodi alimshika Mama Masikio mkono, akamwambia wanampeleka kufanyiwa upasuaji, kukata sehemu ya utumbo iliyokufa, kwamba ndiyo njia iliyobaki.

"Ningekuwa na majibu yale mapema," daktari alianza, kisha akaona haifai kumaliza. Macho yake yalikuwa mekundu.

Wifi alikuwa pembeni ya kitanda, ameinama, sikio karibu na mdomo wa kaka yake, anaitikia kwa kichwa. Alipojinyanyua, Mama Masikio akachukua nafasi yake. Fundi alimtazama akamtambua.

"Shemeji hajambo?" alisema. Ilimchukua muda kulimaliza swali.

Hapo ndipo pa kumwambia. Angeweza kusema, Fundi, tumekosea, Shemeji alimshika ndugu badala ya mwenyewe. Mtu ana haki ya kujua kinachomuua. Lakini vitanda vya pembeni vilikuwa vinamtazama, na yeye mgonjwa alikuwa na kitu kama tabasamu, cha mwisho alichokuwa nacho, na kilikuwa kimesimama juu ya sungura yule.

"Hajambo," alisema. "Anakusalimu."

Wakamsukuma. Hakutoka hai.

Msiba ulijaa watu, maana mtaa mzima ulikuwa umevaa kazi ya mkono wake. Mkuu alikuja, akakaa na wanaume nje, hakugusa chai. Alipokuwa anaaga alitaka kusema kitu kwa familia, na Mama Masikio alimwona anavyotafuta mahali pa kuanzia. Akamtikisia kichwa. Si leo. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga kusema, watu wakishapungua.

Watu walipopungua, wifi alikuja na mfuko, akakaa kwenye mkeka ubavuni mwake. Mfuko ulikuwa umejaa karoti, mbichi, zina majani yake na udongo kidogo.

"Hizi si zako," wifi alisema. "Ni za yule sungura. Kaka aliniachia maneno pale kitandani. Aliniambia, dada, nisipotoka huko kwenye upasuaji, mpelekee Shemeji karoti nzuri, umwambie asante. Wengine wanakufa hata hawajui wameuawa na nini. Sisi tulijua. Damu ya yule mnyama wako ndiyo iliyotuambia." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Na mimi niliwahi kuidharau kazi yako. Nisamehe, wifi yangu."

Mama Masikio alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamepangwa tangu jana: udongo, utumbo, mashati mawili, zile sindano. Wifi alikuwa amemwegemea begani, mkali yule, analia kama mtoto, ameshika ule mfuko kwa mikono miwili.

"Asante, wifi," alisema. "Nitampelekea."

Aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja nyuma. Alikuwa amefikiri njiani kwamba akimwona Shemeji atamkaba. Sungura alisogea mlangoni mwa kizimba kama siku zote, akanusa vidole vyake, akangoja. Alimpa karoti ya kwanza. Alisimama palepale akimtazama anavyotafuna, akatafuta tena, kwa nguvu zake zote, mtu wa kumchukia, na sungura akamaliza, akataka nyingine.